Taa za tela zinapogoma na breki za umeme zinapokataa kushika: utaratibu wangu wa kutafuta tatizo

Juzi nilimsaidia rafiki yangu ambaye tela lake lilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Akiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinapepesa pamoja. Akikanyaga breki, taa ndogo za nyuma zinafifia mpaka karibu kuzimika. Alikuwa ameshabadilisha balbu zote, kisha taa nzima za pande zote mbili, kisha plagi. Tatizo lilikuwa waya moja, na tuliipata ndani ya saa moja. Mimi ugonjwa huohuo uliponipata mara ya kwanza ulinila siku nzima, ndiyo maana naandika hapa kila ninachofanya, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Vifaa

Betri ya volti 12 iliyojaa chaji, nyaya mbili ndefu zenye vibanio, kishikio cha fyuzi chenye fyuzi ya ampea 10, multimita (kifaa cha kupimia umeme), brashi ya waya, msasa, na taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida ya waya wa ndani. Nasisitiza hiyo balbu ya kawaida. Taa za kupimia za LED zinahitaji umeme kidogo sana, kwa hiyo zitawaka hata kwenye waya iliyooza ambayo haiwezi kubeba mzigo wowote. Balbu ya kawaida inakula umeme wa kutosha kuifichua waya dhaifu. Itumie kwenye soketi na nyaya za tela tu. Usiichomeke kwenye nyaya za kompyuta ya gari wala za mifuko ya hewa.

Hatua ya 2: Jua kwanza kama mgonjwa ni gari au tela

Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanafungua taa za tela kumbe gari limeunguza fyuzi. Weka vizuizi kwenye magurudumu, chomoa plagi ya tela kwenye gari, kisha lisha tela kwa betri yako. Hasi ya betri iende kwenye pini ya ethi ya plagi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Chanya ipite kwenye fyuzi kisha iguse pini moja baada ya nyingine. Kila pini iwashe taa zake tu, ziwake kwa nguvu, na nyingine zisijitie. Tela likifanya vizuri kwa betri, liache. Kagua soketi ya gari na fyuzi zake, maana magari mengi yana fyuzi za tela peke yake, mbali na zile za taa za gari lenyewe.

Usiamini rangi za nyaya. Kwenye plagi ya pini 7 ya Marekani, waya ya bluu ni ya breki za umeme. Australia nayo bluu ni ya breki, ila mpangilio wa pini ni tofauti kabisa. Ulaya, kwenye plagi ya zamani ya pini 7, bluu ni ya taa ya ukungu. Mfumo wa Marekani pia mara nyingi hutumia waya moja kwa indiketa na taa ya breki ya upande huo, kwa hiyo waya moja ikikatika unapoteza vyote viwili, wakati kwingineko vina nyaya zake tofauti. Na tela likishapita mikononi mwa watu watatu wanne, rangi ni kumbukumbu ya mtu fulani tu. Pima, andika kwenye karatasi pini gani inawasha nini, bandika karatasi hiyo ndani ya tela.

Hatua ya 3: Ethi

Hapa tutakaa. Dalili zikiwa za ajabu ajabu, yaani taa moja inaamsha nyingine, zinafifia ukiwasha vitu viwili kwa pamoja, zinafanya kazi tela likiwa limesimama na kukataa barabarani, usiguse kitu kingine mpaka umeridhika na ethi.

Sababu yake ni hii. Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye betri. Njia yake ya kurudi ikiziba, unatafuta nyingine, na iliyo karibu ni kupitia balbu ya jirani. Kwenye balbu ya nyuzi mbili, umeme wa taa ya breki unakosa pa kutokea, unarudi kinyume kupitia uzi wa taa ndogo, unafuata waya ya taa ndogo mpaka taa za upande wa pili, na kutokea huko. Ndiyo maana unakanyaga breki na kuona mambo yasiyohusiana na breki.

Matela mengi hayana waya kamili ya ethi. Taa zimefungwa kwenye chasisi kwa boliti, chasisi ndiyo waya, na mara nyingine hata mpira wa chuma wa kuvutia tela ndio unaobeba umeme kwenda kwenye gari. Ukiupaka grisi, kama inavyopasa, taa zinafifia. Ukipinda kona, zinawaka vizuri. Ukinyooka, zinafifia tena. Umeme wa tela haupaswi kupita hapo hata kidogo.

Sasa kosa lililonila siku nzima. Nilichukua multimita, nikaiweka kwenye omu (kipimo cha ukinzani), nikapima kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kwenye chasisi. Ikasoma 0.3. Nikasema ethi ni nzima, nikaiacha, nikaanza kufungua kila kitu kingine. Multimita inapopima omu inatuma umeme mdogo mno, na umeme mdogo hivyo unapita hata kwenye uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya. Taa zikiwashwa ni jambo jingine. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 1.75, na ukiwasha breki na taa ndogo pamoja unafika ampea 4 au 5. Kiungo chenye omu 1 tu kikipitisha ampea 4 kinameza volti 4, na balbu zako zinabakiwa na 8.

Kwa hiyo ethi hupimwa taa zikiwa zimewaka, na hupimwa kwa volti. Fanya hivi:

Lisha tela kwa betri na uwashe taa ndogo na za breki kwa pamoja. Kwa fyuzi ya ampea 10 huna wasiwasi. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi ibaki kwenye hasi ya betri muda wote. Ncha nyekundu iguse kitako cha taa, pale balbu inapopata ethi yake. Ukisoma volti 0.1 au 0.2, upande huo ni mzima. Ukizidi 0.5, kuna kizuizi njiani.

Ukishapata namba kubwa, rudi nyuma polepole kuelekea betri, ncha nyekundu ikigusa kila kituo: boliti ya taa, chasisi karibu na taa, chasisi mbele, boliti ya waya ya ethi, waya yenyewe karibu na plagi, pini ya plagi. Namba inapoanguka ghafla, tatizo liko kati ya vituo viwili vya mwisho. Kwa rafiki yangu kitako cha taa kilisoma 4.2, chasisi nyuma 4.1, chasisi mbele 4.1, kichwa cha boliti ya ethi 4.0, na pini ya plagi 0.1. Urefu wa waya uliobaki kati ya boliti na plagi haukufika mita moja.

Kwa macho ilikuwa nzima, mpira wake haujapasuka popote. Nikaishika kwa vidole viwili na kuivuta taratibu kuanzia kwenye plagi. Karibu na jicho la boliti, kile kikuku cha chuma mwisho wa waya, ikarefuka kama utumbo, maana ndani hapakuwa na kitu. Nilipoupasua mpira nikakuta unga wa kijani na nyuzi mbili za shaba zilizobaki. Maji yalikuwa yameingia kwenye jicho na kupanda ndani ya waya.

Kutengeneza: kata waya mpaka ufike shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi, endelea kukata. Hiyo nyeusi haishiki risasi wala haibaniki vizuri. Funga jicho jipya kwa koleo la kubania, lifunike kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kwangua rangi ya chasisi mpaka chuma cheupe, tumia washa (pete ya chuma) ya meno, kaza, ndipo upake vaselini juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Mimi naenda mbali zaidi: navuta waya ya ethi kutoka plagi hadi kila taa, na chasisi naiacha ibebe mzigo wa tela tu. Ni kazi ya nusu siku na hutairudia. Vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa mpira wa waya ili kuunga nyingine, sivitumii kabisa. Vinakata nyuzi na kufungua mlango wa maji. Tepu ya umeme peke yake nayo haizuii maji, inayafungia ndani.

Hatua ya 4: Taa moja iliyogoma

Balbu, kisha kutu kwenye kishikio cha balbu, kisha waya yake. Ukibadilisha zote kuwa LED, indiketa inaweza kupepesa haraka kwa sababu gari linadhani balbu imeungua.

Hatua ya 5: Fyuzi inayoungua kila mara

Usiendelee kulisha fyuzi mpya. Mahali pa fyuzi unga balbu ya taa kubwa ya gari, ile ya wati 55. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zote na nyaya zako zinabaki salama. Sasa tembea kando ya tela ukitikisa waya sehemu kwa sehemu: kwenye matundu ya chasisi, karibu na bawaba, pale inapopita juu ya ekseli. Balbu inapofifia ghafla mkono wako uko kwenye shoti.

Hatua ya 6: Breki za umeme

Ndani ya kila dramu kuna sumaku kwenye mkono. Kontrola, kifaa kilicho ndani ya gari cha kuendesha breki za tela, ikituma umeme, sumaku inajishika kwenye uso wa dramu inayozunguka, inavutwa nayo, mkono unasukuma viatu vya breki. Waya mbili za sumaku hazina chanya wala hasi. Ukizibadilishana hakuna kinachoharibika.

Breki za dramu ya inchi 10 na 12 kwa kawaida huvuta karibu ampea 3 kwa kila gurudumu. Magurudumu mawili ni 6, manne ni 12. Unga multimita iliyowekwa kwenye ampea katikati ya waya ya breki, lisha kwa betri, soma. Kabla hujaanza, hakikisha multimita yako inabeba kiasi hicho, maana nyingi huishia ampea 10. Kwa breki nne tumia ya kukumbatia waya inayopima DC. Magurudumu manne yakisoma 9, sumaku moja haipati umeme. Yakisoma 6, mara nyingi ekseli nzima imekatika. Namba ikiwa juu sana kuna shoti. Sumaku ikitolewa kwenye nyaya zake isome karibu omu 3.2, na kutoka waya yake yoyote hadi kwenye mwili wa sumaku isisome kitu.

Huna kipimo cha ampea? Shika dira karibu na dramu huku mtu akibana kitufe cha mkono cha kontrola. Sindano ikigeuka kwa nguvu, sumaku ina umeme.

Matela mengi yanapitisha waya ya gurudumu la pili ndani ya bomba la ekseli, ikiwa huru. Kila kishimo barabarani inasuguana na chuma mpaka mpira unaisha. Ukiwa umesimama kila kipimo ni kizuri. Ukianza safari, kontrola inalalamika shoti. Ukishuku hivyo, usiivue kuichunguza. Iache ikiwa imekatwa pande zote mbili, pitisha mpya nje ya ekseli ndani ya bomba la plastiki, na ifunge vizuri. Waya kuu ya breki nayo iwe nene, milimita za mraba 4 au zaidi. Nyembamba inameza volti na sumaku zinashika kivivu.

Umeme ukiwa sawa na breki bado hazishiki, sababu ni ya kimakanika. Inua gurudumu, kaza kirekebishi mpaka lizunguke kwa shida, kisha legeza mpaka lizunguke likisuguana kidogo tu. Ukikuta viatu vimelowa grisi kutoka kwenye sili ya beringi, badilisha viatu na sili. Kuvipangusa au kuvichoma hakusaidii.

Hatua ya 7: Swichi ya dharura

Ndiyo inayofunga breki tela likichomoka kwenye gari. Chomoa plagi ya gari kwanza, kwa sababu baadhi ya kontrola huharibika umeme ukizirudia. Vuta pini ya swichi, jaribu kusukuma tela, rudisha pini. Sekunde chache zatosha. Sumaku zinapata moto na betri inaisha. Sheria ya Marekani kwa magari ya biashara inataka breki hizo zishike angalau dakika 15, kwa hiyo betri ya tela isiyobaki na chaji ni sawa na kutokuwa nayo.

Hatua ya 8: Barabarani

Mahali patupu, kilomita 30 kwa saa, bana kitufe cha mkono cha kontrola bila kugusa pedali. Usikie tela likikuvuta nyuma bila magurudumu kujifunga. Yakijifunga, punguza nguvu ya kontrola. Rudia mara tano au sita, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Zote ziwe na joto linalokaribiana. Iliyo moto kupita wenzake imekazwa mno, ilegeze. Iliyo baridi haifanyi kazi: rudi kwenye gurudumu hilo, anza na nyaya zake mbili.