Kufunga hesabu ya mwaka wa shoo za laivu

Ukingoja Desemba ndipo uanze kukumbuka shoo ulizohudhuria tangu Januari, utapata tatu au nne: ya juzi, ya kwanza, na ile iliyokatishwa na mvua. Zilizobaki zitakuwa zimeshikana. Kumbukumbu ya mwaka hutengenezwa usiku uleule wa shoo, kwa dakika tano tu. Desemba ni ya kukusanya na kupima. Mifano hapa ni ya dansi, taarabu na matamasha ya Tanzania, lakini utaratibu ni uleule kwa muziki wowote unaopigwa mbele ya watu.

Usiku wenyewe

Andika kabla hujalala, hata ukiwa kwenye bajaji ya kurudi nyumbani. Yanayohitajika ni machache: tarehe, ukumbi, waliopiga, saa walizoanza na kumaliza, pesa zilizokutoka, na sentensi moja ya kitu ulichokiona au kukisikia.

Tarehe ndiyo inayowachanganya wengi. Bendi ikipanda jukwaani saa nne usiku wa Jumamosi na kushuka saa nane, picha ulizopiga saa saba zitasoma Jumapili. Shika kanuni moja mwaka mzima: tarehe ni ya jioni uliyoingia ukumbini, kisha ongeza "kuamkia Jumapili". Bila hivyo shoo moja itajitokeza mara mbili kwenye orodha yako.

Jina la bendi nalo lina mitego. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikapitia majina ya JUWATA na OTTU. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, wengi wanaiita Sikinde tu, kwa jina la mtindo wake. Andika jina lililo kwenye bango, na pembeni yake lile linalosemwa na watu, usije ukahesabu bendi moja kama mbili.

Ile sentensi moja ndiyo yenye thamani kuliko vyote, na ndiyo inayoharibiwa kwa kuandika "shoo ilikuwa kali". Hilo halitakukumbusha chochote baada ya miezi minane. Andika kwa mfano: "Waya wa gitaa la solo ulikatika katikati ya wimbo, mpiga ridhim akaibeba nafasi hiyo mpaka kiitikio kikarudi." Kwenye dansi sikiliza hasa sehemu ya chemko, pale uimbaji wa taratibu unapokwisha na magitaa na saksafoni kuachiwa uwanja. Tazama saa inapoanza na inapokwisha. Redioni wimbo huo umefungwa ndani ya dakika chache, lakini ukumbini bendi hulirefusha chemko kadiri wachezaji wanavyoitikia. Kwenye taarabu, andika ni wimbo gani ulioinua watu wengi kwenda kumtunza mwimbaji, na ni ubeti upi uliowainua. Hapo umeandika habari za hadhira pia.

Wimbo usioujua jina, andika maneno manne ya kiitikio na saa ulipopigwa. Kisha waulize wakati wa mapumziko wale wapenzi wanaokaa meza za mbele. Wanazijua nyimbo zote za bendi yao, na hufurahi kuulizwa.

Weka pia alama ya L au P: laivu au pleibeki. Msanii wa Bongo Fleva au singeli anaweza kutoa burudani safi juu ya muziki uliorekodiwa, lakini ni kitu tofauti na bendi inayopiga, na ukivichanganya hukumu yako ya mwaka itayumba. Dalili ya pleibeki ni sauti ya uimbaji inayoendelea vilevile wakati maikrofoni imeshushwa, na nyimbo zinazokatika palepale zinapokatikia redioni. Anayeimba mwenyewe juu ya ala zilizorekodiwa muandikie LP.

Sauti, picha na tiketi

Rekodi sekunde 30 hadi 60 za kiitikio, basi. Video ya kawaida ya simu hula takribani MB 60 hadi 130 kwa dakika, wakati rekodi ya sauti peke yake huchukua MB moja au chini ya hapo. Ukirekodi ukiwa mbele ya spika, utapata mkwaruzo mtupu, kwa sababu besi inaizidi nguvu maikrofoni ya simu. Sogea karibu na meza ya fundi mitambo. Yeye huupanga muziki kwa anavyousikia pale alipo, kwa hiyo hapo ndipo ulipokaa sawa. Angalia pia kiganja kisizibe tundu la maikrofoni chini ya simu.

Picha ulizotumiwa na marafiki kwa WhatsApp hufika zikiwa zimefutwa taarifa za siku na saa ya kupigwa. Namba za tarehe kwenye jina la faili zinahusu kutumwa. Ziandikie tarehe ya shoo wewe mwenyewe zikiwa bado mbichi.

Tiketi zinazochapwa kwenye karatasi ya risiti hufifia zikikaa kwenye joto, jua au plastiki. Zipige picha kesho yake, kisha uzihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Usizipeleke kwenye laminesheni: joto la mashine huifanya karatasi nzima iwe nyeusi.

Na masikio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani unataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Vizibo vya sponji ni bei ndogo: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie sekunde 20 hadi 30 kivimbe. Pamba na tishu hazisaidii. Masikio yakivuma baada ya shoo, liandike hilo pamoja na sehemu uliyokaa. Yakiendelea kuvuma zaidi ya siku moja, muone daktari.

Desemba

Fungua jedwali moja, kila shoo mstari wake. Pitia daftari, halafu picha, halafu ujumbe wa malipo ya simu. Ujumbe huo huonyesha siku uliyolipa, na tiketi ya tamasha huweza kununuliwa mwezi mzima kabla, kwa hiyo usiuchukulie kuwa tarehe ya shoo.

Kwenye gharama, kiingilio peke yake kinadanganya. Kiingilio 10,000, nauli 8,000 na vinywaji 12,000 ni shilingi 30,000. Bendi ikipiga kwa muda wa saa tatu, umelipa 10,000 kwa saa. Tamasha kama Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu 2004, lina saa nyingi za muziki kwa tiketi moja, ila anayetoka bara lazima ajumlishe boti na malazi. Piga hesabu mbili: pamoja na safari, na bila safari.

Ukilinganisha mwaka na mwaka, usilinganishe mwezi kwa mwezi. Ramadhani kumbi nyingi hutulia, kisha Idi Mosi na Idi Pili shoo hufululiza, na kipindi hicho huja mapema zaidi kwa takribani siku 11 kila mwaka. Mwezi uliokuwa mtupu mwaka jana unaweza kujaa mwaka huu bila wewe kubadilika chochote.

Alama toa mara mbili: usiku wa shoo, na wiki moja baadaye. Za usiku huwa juu kwa sababu ya msisimko. Shoo iliyobaki palepale baada ya wiki ndiyo ya kuandikiwa aya nzima. Nyingine zipe mstari mmoja au uziache, na usilazimishe kumi bora kama zilizokugusa ni nne.

Kabla hujawatumia wengine ulichoandika, hakiki majina ya wapigaji. MC huyataja haraka, mara nyingi ya utani. Anza na wapiga besi, tumba na dramu, maana mabango huwaruka, na mwakani huenda wakawa bendi nyingine.