Jinsi ya kuandika insha kuhusu hatia, aibu na adhabu: kutoka jukwaa la Wapuritani hadi skrini ya simu

Insha nyingi za mada hii hufia kwenye sentensi moja: "Mitandao ya kijamii ni jukwaa jipya la aibu." Sentensi hiyo si uongo, ila haithibitishi kitu, na msahihishaji ameshaikuta mara chungu nzima. Maelekezo haya ni ya insha ya maneno 1,500 hivi inayolinganisha fasihi ya enzi ya Wapuritani (Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali waliohamia Marekani karne ya 17) na jamii ya leo.

Anza kwa kupanga maandishi yako katika mafungu mawili, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Fungu la kwanza ni la yaliyoandikwa na Wapuritani wenyewe: shajara ya gavana John Winthrop, shajara ya hakimu Samuel Sewall, shairi la Michael Wigglesworth la 1662 kuhusu Siku ya Hukumu. La pili ni la yaliyoandikwa baadaye kuwahusu. The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne, ilichapishwa 1850 lakini inasimulia Boston ya miaka ya 1640: Hester Prynne anazaa mtoto wa uzinzi, anahukumiwa kusimama jukwaani mbele ya umati na kuvaa herufi A kifuani, huku baba wa mtoto, mchungaji Dimmesdale, akificha kosa lake. The Crucible ni tamthilia ya Arthur Miller ya 1953 kuhusu kesi za uchawi za mji wa Salem, Massachusetts. Ukiandika "Hawthorne, mwandishi Mpuritani" umekwisha. Alizaliwa Salem mwaka 1804, na mmoja wa mababu zake, John Hathorne, aliwahoji washtakiwa wa uchawi mwaka 1692. Katika utangulizi wa riwaya Hawthorne anasema waziwazi kwamba anaibeba aibu ya mababu zake. Kwa hiyo riwaya yenyewe ni ushahidi wa hatia iliyorithiwa. Hoja hiyo ina uzito kuliko muhtasari wowote wa kisa.

Kisha tenganisha maneno. Kiswahili kinakurahisishia kazi. Haya humzuia mtu kabla hajatenda. Hatia ni hali ya kuwa umekosa, iwe watu wanajua au hawajui. Kusutwa na nafsi ni hatia inapoanza kuuma kwa ndani. Aibu humfanya mtu ajione yeye mzima ameharibika, wala si tendo lake tu. Fedheha haipo bila watazamaji. Amua mapema kila mhusika amebeba lipi: Hester Prynne ana fedheha nyingi, na hatia yake anaipima mwenyewe, mchungaji Dimmesdale hana fedheha hata chembe, ila nafsi inamsuta mpaka inamuua. Mkiwaweka wote wawili chini ya neno "aibu", riwaya imepotea.

Hatua inayofuata ni sheria, na iwe fupi: maneno 250 yanatosha. Massachusetts ya wakati ule uzinzi ulikuwa kosa la kifo, na mwaka 1644 mwanamume na mwanamke walinyongwa Boston kwa kosa hilo. Sheria ya kuvaa herufi ilikuja Plymouth, koloni jirani, mwaka 1658, na herufi zilikuwa mbili, AD (kifupi cha "adultery", yaani uzinzi), zilizokatwa kwa kitambaa. Massachusetts ilifuata 1694: mkosaji aketi saa moja kwenye mti wa kunyongea akiwa na kamba shingoni, apigwe viboko visivyozidi 40, kisha avae daima A yenye urefu wa inchi mbili. Hester, anayesimama jukwaani kwa muda wa saa tatu tu katika Boston ya miaka ya 1640, ni adhabu iliyoshonwa na msanii. Usiitumie riwaya kama kitabu cha sheria. Na ukigusa Salem: watu 19 walinyongwa na mmoja aligandamizwa kwa mawe hadi akafa. Hakuna aliyechomwa moto.

Moyo wa insha, maneno 600 hivi, uwe kwenye jukwaa. Linatokea mara tatu: sura ya 2 na 3, sura ya 12, na sura ya 23. Kwa kila tukio andika pembeni: ni saa ngapi, nani yuko juu, nani anatazama, nani anasema ukweli. Utaona mambo yenyewe. Mara ya kwanza ni mchana, umati umejaa, mwenye kosa la siri ndiye anayemhimiza Hester amtaje mwenzake. Mara ya pili mchungaji anapanda usiku, mji umelala. Ni toba isiyo na gharama, na Pearl, mtoto wake na Hester, anamuuliza kama atasimama nao kesho mchana. Mara ya tatu anaungama mbele ya wote, kisha anakufa. Usisahau sura ya 13, ambapo watu wanaanza kuisoma ile A ya Hester kama alama ya uwezo wake ("Able" kwa Kiingereza). Alama iliyowekwa na serikali imebadilishwa maana na mvaaji. Sura ya 24 inaongeza ugumu: Hester anarudi na kuivaa tena kwa hiari.

Upande wa leo, chagua kisa kimoja tu. Kinachofaa zaidi ni hukumu ya mahakama, kwa sababu ina maandishi. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya Marekani iliidhinisha amri ya kumsimamisha mwizi wa barua nje ya ofisi ya posta, San Francisco, kwa saa 8 akiwa na bango linalotaja kosa lake. Usitumie mtu wa kawaida aliyeandamwa mtandaoni kwa jina lake. Utakuwa unaongeza saa za jukwaa lake.

Kilinganishe kisa hicho na riwaya kwa maswali manne: nani anashtaki, nani anatazama, adhabu inaisha lini, mlango wa kurudi uko wapi? La nne ndilo linalozaa insha. Kanisa la Wapuritani lilikuwa katili, lakini aliyeungama mbele ya waumini aliweza kupokewa tena. Sewall mwenyewe, mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi, alisimama kanisani mwaka 1697 huku ungamo lake kuhusu Salem likisomwa. Mtandao hauna mwenye mamlaka ya kusema "yameisha". Ndiyo maana uamuzi wa mahakama ya Umoja wa Ulaya wa 2014, kuhusu haki ya kuondolewa kwenye matokeo ya utafutaji, unafaa kuingizwa hapa. Mtaalamu wa uhalifu John Braithwaite alitofautisha mwaka 1989 aibisho linalomrudisha mtu na lile linalomtupa. Mtumie kwa aya moja, asije akaimeza riwaya.

Maneno 400 ya sehemu hii, 150 ya utangulizi na 100 ya mwisho yanakamilisha hesabu. Kabla ya kukabidhi, tafuta neno "aibu" katika rasimu nzima. Kila linapotokea, jaribu kuweka "fedheha", "hatia" au "majuto" mahali pake. Likikubali kubadilishwa, libadilishe.