Mvua ya Jumamosi, tujipange Ijumaa

Ijumaa jioni natoka mlangoni kuangalia ziwa Kivu. Wingu likishuka hadi kwenye vilima na upepo wa baridi ukapanda kutoka majini, najua siku mbili zijazo ni za mvua. Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, iko juu, karibu mita 1,500, na mvua zetu ni za Septemba hadi Mei.

Anza na mtaro. Shika jembe, toa udongo na mifuko ya plastiki, fuata hadi kwa jirani wa chini, umwambie: "Mama, tusaidiane, maji yakikwama kwangu yatakushukia." Hapa Kadutu, sehemu yetu ya Bukavu, nyumba zimepandana mlimani. Kisha kagua nyuma ya nyumba. Ukiona ufa mpya ardhini, mti ulioanza kuinama, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, usingoje kuche: udongo wa mlima unataka kuporomoka. Beba watoto, mwende kwa ndugu. Vyombo acha, nakusihi.

Manjanja (mabati ya paa) yaliyolegea yapigilie misumari. Makala (mkaa) ingiza ndani, juu ya mbao. Ila jiko linalowaka usilale nalo chumbani, hata baridi ikizidi: hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na inaua. Watoto wavishe fulana mbili.