Somo: Nani aweke tiki, nani abadilishe cheklisti (kwa watumiaji wa Redmine)

Somo hili ni la wenzetu wa klaring na usafirishaji mnaotumia Redmine, programu ya kufuatilia kazi, iwe ofisi iko Kampala au pale mpakani Malaba. Redmine yenyewe haiji na cheklisti, inaongezewa kwa plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Ninayoifuata hapa ni Checklists ya RedmineUP. Kama bado haijawekwa kwenye seva yenu, mwambieni fundi aiweke kwanza, maana bila hiyo hamtaziona ruhusa ninazozitaja.

Tuchukue tiketi (ukurasa wa kazi moja ndani ya Redmine) ya loli moja inayotoka Mombasa. Cheklisti yake ina ankara, orodha ya vifurushi, bili ya shehena, sili ya kielektroniki imefungwa, mzani umepitiwa, mzigo umepokelewa bohari. Tiki kwenye "sili imefungwa" ni kauli ya mtu aliyeisimamia sili ile kwa macho yake. Mhasibu aliyeko ofisini Kampala hajaiona, basi kitufe hicho si chake. Na wakala wa mpakani aliyeiona hana sababu ya kukifuta kipengele cha mzani kwa sababu tu foleni ni ndefu. Kuweka tiki ni haki moja na kubadilisha orodha ni nyingine. Mkizichanganya, cheklisti inabaki pambo.

Hatua ya 1. Kila mtu awe na akaunti yake. Simu moja ya ofisi ikizungushwa mpakani kwa mawakala watatu huku imefunguliwa akaunti ileile, historia ya tiketi itaandika jina moja tu, na hatua zote zinazofuata zitakuwa kazi bure.

Hatua ya 2. Ingia kama admini (msimamizi wa mfumo mzima), fungua menyu ya utawala, kisha ukurasa wa majukumu na ruhusa. Majukumu ya kuanzia ya Redmine yametungwa kwa watu wanaotengeneza programu, kwa hiyo msijilazimishe kuyavaa. Tengenezeni yenu: Msimamizi wa mizigo, Wakala wa mpakani, Mhasibu, Mteja.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Fungua jukumu moja moja, shuka hadi kwenye ruhusa za tiketi, utaona tatu za cheklisti: kuona, kuweka tiki, na kuhariri. Mhasibu na Mteja wape kuona tu. Wakala wa mpakani mpe kuona na kuweka tiki. Kuhariri abaki nako Msimamizi peke yake. Angalia vizuri: mwenye kuhariri anaweza kuweka tiki pia, hata kama kile kisanduku cha tiki hukukigusa. Ndiyo sababu nashauri wahariri wawe wachache sana, hata kama bosi atanung'unika kwamba yeye hayumo.

Jambo lingine linalowaponyoka watu: Redmine hujumlisha ruhusa. Mtu akipewa Mhasibu na Wakala kwenye mradi mmoja, anapata za pande zote mbili. Huwezi kumpunguzia ruhusa kwa kumwongezea jukumu dogo.

Hatua ya 4. Fungua mipangilio ya mradi uangalie kama ni wa umma. Redmine isiyobadilishwa mipangilio hufungua mradi mpya ukiwa wa umma, na hapo hata asiye mwanachama anaingia kwa ruhusa za jukumu la wasio wanachama. Ondoa alama hiyo.

Hatua ya 5. Kwenye mipangilio ya plagini, washa kuhifadhi mabadiliko ya cheklisti kwenye historia ya tiketi, na kuzuia tiketi isifungwe wakati kuna vipengele bila tiki.

Hatua ya 6. Jaribu kwa akaunti ya kawaida. Ukijaribu ukiwa admini kila kitu kitakubali, kwa sababu admini haguswi na ruhusa hizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbale): Mwalimu, sisi tunatumia Trello, ile programu nyingine ya kupanga kazi kwa ubao na kadi. Nitamzuiaje tanboi asifute cheklisti lakini aweze kuweka tiki?

Jibu: Kwa Trello yenyewe huwezi, ndugu yangu. Anayeruhusiwa kuhariri ubao anaweka tiki, anabadilisha na anafuta. Kuna mtazamaji, ambaye hahariri kitu, lakini ni wa mpango wa kulipia wa Premium, na tiki nayo hawezi kuiweka. Cheklisti ikishafutwa hairudi. Weka kadi ya kiolezo pembeni, uwe unainakili kwa kila loli.

Swali (Busia): Wakala wetu ameacha kazi. Nimfute kwenye mfumo?

Jibu: Usimfute, dada. Mfunge tu akaunti. Ukimfuta, kazi zake zote zinahamia kwa mtumiaji asiye na jina, na siku mkiulizwa nani alithibitisha sili ya mzigo fulani hamtakuwa na jibu.

Swali (Kampala): Mteja wangu anataka kuona cheklisti ya mzigo wake. Nikimpa jukumu la Mteja, si ataona na mizigo ya wengine?

Jibu: Ataona, kama wote wako kwenye mradi mmoja. Mfungulie kila mteja mradi mdogo wake, umwingize humo tu. Na kwenye mradi mdogo angalia kisanduku cha kurithi wanachama: kikiwashwa, wanachama wote wa mradi mkubwa wanaingia nao. Usimweke mteja kwenye ule mkubwa.

Swali (Tororo): Tunaandika namba ya kitambulisho cha dereva na simu yake ndani ya cheklisti, ili wakala asihangaike. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, mzee wangu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na anayekusanya taarifa za mtu anawajibika kuzilinda. Ruhusa ya kuona cheklisti haichagui kipengele: anayeona kimoja anaona vyote, mteja akiwemo. Kwenye cheklisti andika "kitambulisho cha dereva kimekaguliwa". Namba yenyewe iweke kwenye sehemu maalumu ya tiketi, ambayo Redmine inakuruhusu kuionyesha kwa majukumu unayoyataka tu.