Kozi ya bastola siku nne: jiandae hivi kabla hujaenda

Tangu nirudi kwenye kozi ya kujilinda kwa bastola naulizwa maswali yale yale, ikoje na mtu ajiandae vipi, na wengi wanaoniuliza wana vibali tayari, wanunuzi wa korosho, mawakala wa hela, wenye maduka ya jumla, mtu ana bastola mwaka wa tatu anatembea nayo na hajawahi kufyatua zaidi ya zile risasi chache za siku ya kujaribu. Mie nilikuwa hivo hivo. Nina kibali mwaka wa nne sasa, biashara yangu ipo Masasi, kozi nimeifanyia nje kidogo ya Mtwara mjini kwenye renji (uwanja wa kupigia shabaha) ya wazi yenye tuta refu la udongo nyuma yake, tulikuwa watu 9, wanawake wawili. Haya naandika ni yale ambayo ningeambiwa mapema ningezifaidi zaidi zile siku.

Anza na kuchagua miezi. Huku kwetu kuanzia Oktoba minada ya korosho imeshaanza, kichwa chako kiko kwenye mizani na malipo, mkufunzi ataongea wewe husikii, alafu mvua ikianza kwenye Desemba hivi haiachi mpaka Aprili. Juni mpaka Septemba ndo kuzuri. Kusi inavuma, joto linapungua, ila inarusha mchanga kwaiyo miwani ya kukinga macho ichukue ile inayofunika mpaka pembeni. Na ukimaliza kozi Agosti unakuwa na miezi miwili ya kuzoesha mikono kabla hela hazijaanza kutembea barabarani.

Makaratasi. Silaha za raia zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwaiyo kibali chako kiwe hai, kimelipiwa, na ubebe chenyewe sio picha kwenye simu. Kabla hujatoa hata shilingi muulize mwandaaji renji ni ya nani na ruhusa ya polisi ya kupiga risasi pale iko wapi. Mwandaaji wa kweli anakuonyesha bila kununa. Akikwambia "usijali mama, tumeshaongea na wakubwa", geuza urudi kwako, mie mmoja wa namna hiyo alishanilia advansi na kozi yenyewe haikufanyika. Uliza na habari ya risasi mapema sana, mwezi mmoja kabla au zaidi, maana kibali chako kina idadi yake na kozi inakula risasi nyingi. Sisi siku 4 kila mtu alipiga karibia 400, na kozi za Marekani za siku 5 zinafika 1000. Lazima ujue wanazitoa wapi kihalali na nani anahesabu. Pale kwetu zilihesabiwa asubuhi, zikahesabiwa jioni, na maganda yakaokotwa yote.

Njiani sasa. Masasi mpaka Mtwara ni kama kilomita 200, na basi sikupanda, niliomba shemeji anipeleke. Bastola ilikuwa tupu ndani ya kisanduku chenye kufuli, risasi begi lingine. Mkisimamishwa na polisi weka mikono wazi juu ya magoti, salimia, alafu sema mapema kabla hajaiona mwenyewe: "Afande, nina silaha yenye kibali, iko nyuma kwenye kisanduku, kibali hiki hapa." Usiifuate kwa mkono hata kama unataka kumsaidia. Yeye ndo ataamua afanye nini na wewe ufanye nini.

Holsta (ala ya kubebea bastola kiunoni) na mkanda ndo vitu viwili vya kutumia hela. Siku ya kwanza afande mkufunzi aliikagua bastola yangu mara mbili kwamba ni tupu, akaniambia haya mama, nionyeshe unavyoitoa ukivamiwa. Mie miaka yote naibeba kwenye mkoba wa begani. Nikafungua zipu, mkono ukakutana na kanga, ukakutana na kitabu cha risiti, ukakutana na kipochi cha chenji, bastola ipo chini kabisa imelala kiubavu. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Nilipoishika vizuri alikuwa amefika kumi na moja. Hakunisema, aliandika tu 11 ubaoni na ile namba ikakaa pale siku zote nne. Alichonieleza baadae ni kwamba kuchelewa ni nusu tu ya tatizo, nusu nyingine ni kuwa ndani ya mkoba kitu chochote kinaweza kuingia kwenye triga (kifyatulio), ufunguo, kalamu, chochote.

Kwaiyo holsta iwe ngumu, ifunike triga yote, na mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikiwa imetoka. Zile za kitambaa zinazojikunja usinunue, maana ukitaka kurudisha inabidi utumie mkono wa pili kuzipanua na hapo mtutu unaupitisha kwenye mkono wako mwenyewe. Mkanda wa kawaida wa suruali unalegea, bastola inaning'inia. Wangu nilishonewa na fundi viatu pale sokoni, ngozi mbili juu ya nyingine, na haujawahi kuyumba.

Wanawake wenzangu hasa tunaojistiri, hapa msome taratibu. Usiende na dera wala baibui lililoachiwa, vaa suruali ya kitambaa kigumu na gauni fupi juu yake au shati refu, na ushungi uuchomekee ndani ya kola mpaka shingo yote izibe. Sababu yake ni hii. Bastola ikifyatuka inatupa ganda pembeni na ganda lile ni la moto kweli. Siku ya pili asubuhi la kaka aliyesimama kushoto kwangu lilinirukia likaingia kati ya ushungi na shingo, likakaa pale juu ya mfupa wa bega. Linaunguza kama mafuta ya ganda la korosho, wanaobangua wananielewa. Mwili wote unataka kuruka, mkono unataka kwenda shingoni, na mkono huo umeshika bastola yenye risasi. Watu wanaumizana kwenye renji kwa mtindo huu huu, mtu anageuka huku anajikuna na mtutu unageuka naye. Mkufunzi alikuwa ametuambia jana yake: liache liungue. Nikanyoosha kidole pembeni, nikaiangalia shabaha, nikairudisha bastola kwenye holsta taratibu huku machozi yananitoka, ndo nikainua mkono. Kovu lipo hapa dogo kama punje ya mtama. Wanaume nanyi mfunge vifungo mpaka juu, na kofia yenye ukingo mbele inasaidia sana.

Masikioni usibane matumizi. Mlio wa bastola unapita desibeli 150, na ukishavuka 140 sikio linaweza kuumia kwa mlio mmoja tu na usikivu ukipotea haurudi. Mie nilivaa viwili pamoja, vile vidogo vya kuingiza ndani na vile vikubwa vya kufunika juu. Maji beba lita 4 kwa siku na chumvi ya ORS mfukoni. Alafu kitu ambacho wengi hatukijui, ule moshi na vumbi la renji lina madini ya risasi, ndo yale yale yaliyoipa risasi jina lake, na ni sumu inayoingia kwa mdomo na kwa pumzi. Kuna mama alikuwa anatuletea ming'oko ya kuchemsha na pilipili chumvi saa nne, mkono ulikuwa unaniwasha kuichukua, lakini hamna kula mpaka umenawa mikono na uso kwa maji ya baridi na sabuni. Nguo za renji zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Mjamzito asiende kupiga kabisa, asubiri.

Kuhusu mafunzo yenyewe, jamani msiende na wazo la kupiga katikati ya duara. Umbali mwingi ni meta 3 mpaka 7. Kozi nyingi za hivi zina mizizi kwa Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa kikosi cha Marines cha jeshi la Marekani, alifungua shule yake Arizona mwaka 1976, na kanuni zake nne ndo utakazoimbishwa asubuhi jioni: kila silaha ihesabu ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga na umeamua, na ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Ile ya mwisho ukiwa sokoni Masasi siku ya mnada utaielewa zaidi kuliko renji, maana nyuma ya mwizi kuna mama ntilie, kuna wapagazi, kuna watoto wanauza maji.

Nyumbani wiki tatu kabla fanya mazoezi makavu, bastola tupu, risasi zisiwe kwenye chumba hicho kabisa, unavuta triga taratibu bila mtutu kutikisika, dakika 10 kila siku. Mie sikufanya, na siku ya pili kidole gumba kilikuwa kimechubuka kwa kujaza magazini (kile kikasha cha risasi) na mikono inatetemeka kwenye saa tisa.

Hiyo saa tisa ya siku ya pili naomba uiogope. Siku ya kwanza wote mna hofu mnakuwa makini, siku ya pili mchana mmechoka na mmeanza kujiona mnajua. Kulikuwa na njomba mmoja wa Tandahimba, mtu mzima, anapiga vizuri kuliko sisi wote. Amemaliza risasi zake tano, anairudisha bastola haraka haraka huku ameshaanza kugeuza shingo kuongea na mwenzie. Pindo la shati lake lilikuwa limeingia kwenye mdomo wa holsta, nililiona, kitambaa cha bluu kimejikunja kama ulimi. Afande alimshika kiwiko kabla bastola haijazama, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, angalia chini." Tukaangalia wote. Kile kikunjo kilikuwa kimeingia ndani ya triga, bado kusukuma kidogo tu na risasi ingepita pajani. Toka hapo kila mtu alifanya hivi na mie nafanya mpaka leo: mkono wa kushoto unavuta nguo pembeni, jicho linaangalia holsta, kidole kimenyooka, unaiingiza taratibu kama unarudisha yai kwenye kapu. Kutoa ndo kuna haraka. Kurudisha hakuna mtu anakukimbiza.

Bastola itagoma, na ni vizuri igome pale pale. Ikibonyezwa isipige, unagonga kitako cha magazini kwa kiganja, unakoki (unavuta nyuma ile sehemu ya juu ya bastola na kuiachia), unaendelea. Ikiwa risasi mbili zimegombania chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa), toa magazini, koki mara tatu, weka magazini, koki tena. Ila ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, kama mtu kapuliza tu, ACHA. Usikoki, usivute tena, mtutu ubaki kwenye tuta, inua mkono wa pili. Inawezekana kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake bastola inapasuka mkononi.

Vipindi vya darasani watu wengi walikuwa wanachati. Mie naona ndo vilikuwa na thamani kuliko risasi zote. Kasome Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 mpaka 18C. Una haki ya kujitetea na kumtetea mwenzio na mali, lakini nguvu iwe ya kadiri kulingana na hatari yenyewe, ukizidisha mtu akafa unashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Tuliigiza visa, kijana kapora simu anakimbia amekupa mgongo, unafanya nini? Nusu yetu tulitoa bastola. Afande akauliza tu, sasa anakutishia nini? Nilikaa na hilo swali usiku kucha. Muda wa msaada wa kwanza nao usitoke nje, jifunze kufunga mkanda wa kubana damu kwenye mguu kwa mkono mmoja, na huo mkanda uwe kwenye begi lako kila siku, utakufaa hata kwenye ajali ya bodaboda.

Swala na choo ulizia mapema. Kila unapotoka mstarini, bastola inamwagwa risasi na kukabidhiwa mezani kwa msimamizi, ndo uende. Usiende nayo chooni ukaiweka juu ya ukuta, watu wanazisahau huko.

Mkirudi jioni isafishe kabla hujaoga, huku pwani upepo wa chumvi na jasho letu vinatia kutu kwa usiku mmoja, yangu ililala bila mafuta Shangani ya Mtwara kule nilipofikia, asubuhi slaidi (ile sehemu ya juu ya kukoki) ina madoa ya kahawia. Siku hizi nikifunga duka na kuswali isha naitoa tupu, naikagua, nafanya mazoezi ya kutoa na kurudisha mara 20 kuelekea ukuta uliojazwa viroba vya mchanga, watoto wakiwa kwa bibi yao nyumba ya pili. Nikimaliza nasema kwa sauti "nimemaliza", ndo naenda chumba kingine kuchukua risasi.