Jinsi ya kuunganisha ndege kwenye uwanja mkubwa bila kuachwa

Kazi yangu ni kukata tiketi, na simu inayonitia tumbo joto ni ile ya mteja aliyekwama katikati ya safari. Mara nyingi ukifuatilia unakuta kosa halikufanyika pale uwanjani. Lilifanyika siku ya kununua tiketi, kwa hiyo tunaanzia huko.

Hatua ya 1: Kabla hujalipa

Hakikisha ndege zote ziko kwenye tiketi moja, chini ya namba moja ya buking, ile ya herufi na tarakimu sita. Tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa kufuata unafuu, shirika la pili halijui kwamba ulikuwa angani unahangaika. Linakuhesabu kama mtu ambaye hakutokea, na tiketi imekufa.

Kisha soma herufi tatu za kila uwanja. London kuna LHR ya Heathrow na LGW ya Gatwick. Paris kuna CDG na ORY, Tokyo kuna NRT na HND. Ukitua kwenye mmoja na kuondokea mwingine, utalazimika kuingia nchini, kubeba mizigo yako na kuvuka mji.

Viza nayo ina mitego yake. Marekani, kwa kawaida kila anayetua hupita uhamiaji, hata kama anabadilisha ndege tu na kuendelea nchi nyingine, kwa hiyo asiyesamehewa viza lazima awe nayo. Uingereza huwadai raia wa baadhi ya nchi viza ya kupita hata kama hawatoki nje ya uwanja. Ukienda Rome kupitia Frankfurt, utapita uhamiaji Frankfurt, kwa sababu ndiko unakoingilia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Angalia tovuti ya serikali ya nchi unayopitia, si maneno ya rafiki aliyepita mwaka juzi.

Hatua ya 2: Hesabu dakika

Kila uwanja umewekewa muda wa chini wa kuunganisha, na mfumo hautakiwi kukuuzia tiketi moja iliyo chini ya muda huo. Mimi siuamini sana. Ona: unatua 14:10, unaondoka 15:55. Hizo ni dakika 105. Geti hufungwa kama dakika 20 kabla, zimebaki 85. Ndege kutembea hadi ilipoegeshwa na wewe kutoka kiti cha 41, toa 30. Basi au treni ya kwenda terminali nyingine, yaani jengo jingine la abiria, pamoja na kuisubiri, toa 20. Foleni ya ukaguzi, 20 nyingine. Umebakiwa na dakika 15 za kutembea, na ndege ya kwanza haijachelewa hata kidogo. Kama unabadilisha terminali, mimi nataka saa tatu. Ukipitia uhamiaji wa Marekani, ongeza.

Tukiwa kwenye saa: tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na kwa saa za mji husika. Kwa hiyo 08:00 ni saa mbili asubuhi, si saa nane. Na 00:30 ya tarehe 14 ni usiku ule unaolala tarehe 13. Niliwahi kumtumia mteja tiketi kama hiyo bila kumfafanulia, akafika uwanjani usiku wa tarehe 14 na mabegi yake. Ndege ilikuwa imeondoka karibu saa 24 kabla. Kosa lile nalihesabu langu.

Hatua ya 3: Kaunta ya kwanza

Uliza maswali mawili: mzigo wangu unafika wapi, na pasi ya kupandia ndege ya pili naipata hapa? Kisha usiondoke. Tazama karatasi ndefu inayofungwa kwenye begi: herufi kubwa tatu ziwe za uwanja wako wa mwisho. Zikiwa za uwanja wa katikati, utalazimika kuchukua begi huko. Ukiingilia Marekani, hata begi lenye herufi sahihi kwa kawaida unalichukua kwenye uwanja wa kwanza, unapita nalo forodha, kisha unalirudisha kwenye mkanda.

Hatua ya 4: Ukishatua

Usifuate umati, wengi wao wamefika kwao. Tafuta bango la Transfers au Flight Connections; Heathrow ni la zambarau. Kisha tazama skrini ya ndege zinazoondoka, kwa sababu geti lililoandikwa kwenye pasi yako linaweza kuwa limebadilika. Tafuta kwa namba ya ndege, si kwa jina la mji, maana mji mmoja unaweza kuwa na ndege nne ndani ya saa moja.

Swali la muhimu kuliko yote hapa ni kama unahama terminali ukiwa ndani ya eneo lililokaguliwa au unatoka nje. Heathrow kuna mabasi ya bure ya wanaounganisha, unabaki ndani, ingawa ukaguzi wa begi la mkononi bado upo. JFK ya New York, treni inayounganisha terminali iko nje, kwa hiyo unakaguliwa upya kama mtu aliyetoka nyumbani. CDG pia treni yake ni ya nje. Hapo ndipo manukato uliyonunua dukani uwanjani yanapotupwa, yakizidi mililita 100 na ule mfuko wake uliofungwa ukiwa umeshafunguliwa.

Ukiliona geti lako, usijipongeze mapema. Terminali ya 5 ya Heathrow ina majengo ya B na C yanayofikiwa kwa treni ya chini ya ardhi. Fika kwanza, chai baadaye.

Hatua ya 5: Ukiona umechelewa

Mwambie mhudumu ukiwa bado ndegeni. Wakati mwingine huwaachia wenye haraka washuke kwanza. Kwenye foleni, onyesha pasi yako kwa mfanyakazi, usiwapite watu kimya kimya. Ndege ikishakuacha, panga foleni kaunta ya transfa huku ukipiga simu ya shirika na kufungua programu yao, kwa sababu wenzako wa ndege ileile wanagombea viti vilevile. Na usitoke nje kwenda hotelini kabla hujashika pasi mpya mkononi.