Kabla ya kupima unga ili kujua umetokana na aina gani ya ngano

Kabla hujagusa kemikali yoyote, andika swali lako, maana unga haujibu kila swali. Kila aina ya ngano ina mpangilio wake wa gliadini, yaani protini za gluteni zinazoyeyuka kwenye alkoholi, na mpangilio huo hurithiwa. Ilimwe Njoro au Arusha, mvua iwe nyingi au haba, mistari ya protini kwenye jeli, ambamo umeme huzitenganisha, hukaa pale pale. Kinachobadilika ni wingi wa protini tu. Tabu huanza kinuni. Aina tatu au nne zikisagwa pamoja, mistari yao hulaliana. Ukiuliza, "Je, huu ni unga wa aina hii pekee, kama mkataba unavyosema?" utajibiwa. Ukiuliza humu mna aina zipi na kila moja ni asilimia ngapi, bila kujua kilichoingia kinuni, utaishia kubahatisha.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuomba ni ngano yenyewe, sampuli iliyowekwa akiba kabla ya kusaga. Punje hupimwa moja moja, kwa hiyo hakuna kuchanganyikiwa. Kama aina ya kigeni ni 10% ya shehena, punje 30 zinatosha kuinasa angalau mara moja kwa uwezekano wa 96%. Ikiwa ni 5%, andaa punje 60. Ukipima punje tano tu na zote zikafanana, bado hujathibitisha usafi wa shehena.

Kama ni lazima iwe unga, chota kutoka mifuko kadhaa ya siku ile ile ya usagaji, changanya vizuri, kisha ugawe na kuweka akiba. Uliza pia kilichoongezwa. Gluteni kavu ya kuongeza nguvu ya unga huja na gliadini za ngano usizozijua, na mistari yake haitofautiani na ya ngano ya kinu. Kimea cha shayiri huleta protini zake. Unga uliopitishwa kwenye joto kali hutoa mistari hafifu, kwa sababu protini zimeshikana na haziyeyuki tena.

Andaa vielelezo mapema: mbegu halisi za kila aina unayoishuku, kutoka kwa watafiti walioizalisha au wakala wa mbegu, si kutoka gunia la sokoni. Tengeneza pia michanganyiko yako kwa uzito, 0, 5, 10 na 20%, na uiweke kwenye jeli ile ile pamoja na sampuli. Bila hiyo huwezi kusema mstari hafifu una maana gani. Kumbuka pia kwamba aina yenye protini nyingi huonekana nzito kuliko uzito wake halisi ndani ya unga. Weka na aina moja ya rejea katika kila jeli. Bushuk na Zillman wa Kanada walitumia aina ya ngano iitwayo Marquis mwaka 1978, na mstari wake mmoja, waliouita 50, ukawa kipimo cha mingine yote.

Kuyeyusha ni kazi nyepesi: unga gramu 0.5, ethanoli ya 70% mililita 1.5, tikisa kwa saa moja kwenye joto la chumba, kisha zungusha kwenye sentrifuji na uchukue maji ya juu. Usitumie ethanoli kali zaidi ukidhani itatoa protini nyingi, itatoa chache.

Jeli ndiyo inayoharibu siku. Kwa njia ya tindikali, pH 3.1, akrilamaidi 10%, kigandishi ni haidrojeni peroksaidi ikisaidiwa na feri salfeti na asidi askobiki. Ukishaitia, una muda mfupi sana kabla haijaganda, kwa hiyo poza mchanganyiko kwenye barafu, na kioo na kitana cha kutengenezea vishimo vya sampuli viwe tayari mkononi. Peroksaidi ya zamani haigandishi. Vaa glavu: akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu.

Halafu nyaya. Katika tindikali gliadini zina chaji chanya, hivyo hukimbilia upande hasi, kinyume cha jeli za kawaida za SDS, sabuni inayozipa protini chaji hasi. Ukiunganisha kwa mazoea, sampuli yote inapotelea kwenye bafa (kimiminika cha kupitisha umeme) ya juu na jeli inatoka tupu. Dhibiti joto kati ya nyuzi 15 na 20. Jeli ikipata moto, mistari ya katikati hutangulia ile ya pembeni na huwezi kulinganisha chochote.

Ukiona mistari isiyo ya kawaida kwenye eneo la omega, yaani la gliadini zinazosafiri polepole zaidi, usikimbilie kusema unga umechanganywa na rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Ngano nyingi zilibeba kipande cha kromosomu ya rai, 1BL.1RS, kwa ajili ya jeni Sr31 la kukinga kutu ya shina, lile lile lililoshindwa na Ug99, aina ya kuvu wa kutu hiyo iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Protini za rai ziko ndani ya ngano yenyewe.

Kwa tambi swali ni rahisi zaidi, kwani ngano ya durum haina jenomu D, seti ya kromosomu iliyomo kwenye ngano ya mkate, na mstari wa D ukionekana, ngano ya mkate imo. Italia inavumilia hadi 3%. Lakini tambi zilizokaushwa kwa joto la juu hutoa gliadini chache mno, na 3% hupotea machoni. Omba semolina, yaani durum iliyosagwa kwa chenga, kabla haijaingia kwenye kikaushio.